Mwavuli Ndani ya Pango

Ilomba, Mbeya
9 Juni 2024

Bibi yangu Faustina, mke mwenzangu,

Shikamoo. Pokea salamu za baridi, maana huku kwetu mwezi huu hatuna salamu nyingine. Mimi mzima, mume wangu Lusekelo mzima, Aroni ameota meno mawili na yote amenionjesha. Vitunguu mmeshavuna? Goti lako linasemaje?

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Bibi, wewe ukipokea simu unaweka spika, na ukiweka spika Ilula nzima inapata habari. Nilikwambia nina mafua, Jumapili yake padre akaniombea kanisani. Na huku nyumba yetu haina dari. Ukipiga chafya jikoni, sebuleni wanakuambia upone. Na sebuleni ndiko aliko yeye. Kwa hiyo barua zangu atakuletea Clement na lori lake la mchele.

Yeye, unamjua. Jina la baba mkwe siruhusiwi kulitaja, basi humu namwita Mzee wa Sebuleni. Tangu mama mkwe afariki na mzee kuhamia kwetu kutoka Tukuyu ni miaka miwili, na miaka yote miwili sijamwona uso. Kwa mila ya ukoo wao wa Kinyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Simtazami, simsemeshi, siketi anapoketi. Akikohoa koridoni, mimi napisha. Juzi alikohoa akakaa hapo hapo koridoni anatafuta kiatu chake, nami nilikuwa naoga. Nilibaki bafuni mpaka sabuni ikanikaukia mwilini.

Mila hiyo ina mwisho wake. Mzee mwenyewe akitaka, anamfungua mkwe kwa zawadi na chakula, na baada ya hapo wanakaa sebule moja kama watu. Lusekelo amemwomba, akamwomba tena. Mzee anajibu "tutaona", halafu anaongeza sauti ya redio. Nahisi hanitaki kwa kuwa mimi Mhehe. Nimemwambia Lusekelo, Krismasi ikinikuta bado najibanza kwenye jiko langu mwenyewe, namfunga Aroni mgongoni narudi Ilula. Sitanii.

Sasa sikia kituko. Mzee ametangaza twende familia nzima kutembelea pango la popo kule Songwe. Ujana wake alikuwa akibeba magunia ya mbolea ya popo humo, anataka watu wake wapaone. Kasema twende wote, "hata mama Aroni." Unatembeaje na mtu usiyeruhusiwa kumwona? Wifi yangu Sabina wa Iyunga, dada yake Lusekelo, ndiye polisi wa mila hapa nyumbani, na anasema nimwachie yeye atapanga. Nishauri.

Mjukuu wako,
Veneranda


Ilula, Iringa
30 Juni 2024

Mke mwenzangu Veneranda,

Kamwene! Barua yako Clement aliisahau chini ya magunia aliyopakia Ubaruku, imenifikia inanuka pumba. Mimi nipo. Vitunguu tumevuna, bei imetukimbia. Goti linauma likitaka. Nikisonga ugali bado nakosea kipimo, unabaki mwingi, kuku wangu wamenenepa hadi majirani wananiuliza nawalisha nini.

Sasa turudi kwa huyo Ambokile. Ndiyo, nimeliandika. Ambokile, Ambokile, Ambokile. Mimi si mkwe wake.

Mwanamke wewe, babu zako walisimama mbele ya Wajerumani na bunduki zao, leo unamkimbia mzee mmoja wa Tukuyu anayekula ndizi asubuhi na jioni? Mume wetu marehemu angesikia hili angefufuka akuchape, kisha angenichapa na mimi niliyekulea. Mila za watu naziheshimu, lakini mila yenye mlango wa kutokea, halafu mwenye ufunguo anaongeza redio, hiyo si mila, ni ukaidi.

Unataka ushauri wa pango, ushauri wangu ni huu: usiende. Mtu akitaka giza azime taa yake nyumbani. Na kwa nini ungoje Krismasi? Kitanda chako nimekitandika shuka lile la maua. Rudi hata kesho.

Msalimu Lusekelo, ingawa kwa sasa sina salamu nyingi za kumpa.

Mimi bibi yako,
Faustina


Ilomba, Mbeya
11 Agosti 2024

Bibi, shikamoo,

Nisamehe kwa ukimya. Aroni alisumbuliwa na tumbo, sasa mzima, anasimama kwa kushika meza. Lusekelo amecheka sana kuhusu salamu zako chache.

Pangoni tulikwenda, Jumamosi ya wiki iliyopita. Sabina alipanga kweli. Mzee, Lusekelo, Sabina na watoto wake walipanda Noah. Mimi nilipakiwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, na Aroni, na jamvi, na sufuria la wali na kuku wa kukaanga. Ili nisimwone mzee kupitia kioo, Sabina alimwagiza dereva wetu abaki nyuma sana. Malori yakaingia katikati, tukawapoteza, tukapitiliza njia panda. Wenye njaa wakawa wamefika, chakula kimepotea. Tulipowakuta, nilimsikia mzee akiuliza upepo, "Hivi wali umeolewa wapi mbona hauji?"

Kisha Sabina akanikabidhi mwavuli mweusi mpana, ule wanaoutumia misibani, niwe nauinamisha upande aliko mzee. Jua kali, mbingu hazina hata wingu, mimi nazunguka na mwavuli kama nina wazimu. Tulikula mafungu mawili, wao upande huu wa mwamba, mimi na Aroni upande wa pili. Ila kitu kimoja kilinishangaza. Mzee alikuwa akiwasimulia wajukuu jinsi walivyokuwa wakitoka pangoni weupe kwa vumbi la chokaa, hata mama zao hawawatambui, akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Ana kicheko chembamba cha mtu mwenye aibu.

Halafu tuliingia pangoni, tukatoka. Yaliyotokea humo siyaandiki. Naomba usiniulize.

Mjukuu wako,
Veneranda


Ilula, Iringa
25 Agosti 2024

Veneranda,

Salamu baadaye.

Nisikuulize! Unaniambia ulipita njia panda, unaniambia mpaka kuku kakaangwa, halafu tukifika mlangoni mwa pango unanifungia nje? Nimekulea hivyo? Clement ameniapia kwamba hii itafika wiki hii hii, na akiisahau tena simpikii.

Nakuuliza. Umemwona? Amekusema? Ameinua mkono? Kama ameinua mkono nijibu kwa neno moja tu, jembe ninalo na nauli ninayo.

Sasa salamu. Hujambo? Aroni hajambo?

Bibi yako asiyelala,
Faustina


Ilomba, Mbeya
15 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Weka jembe chini. Hakuna aliyeinua mkono. Nilinyamaza kwa sababu Sabina alikuwa akipita kwa wazee wa ukoo kuuliza kama nimevunja mila, na sikutaka kukuandikia kabla sijajua nimeharibu au sijaharibu. Sasa nimejua, na nakueleza yote. Kaa kwenye kigoda.

Mlangoni mwa pango mama anayeongoza wageni aliniambia nifunge mwavuli, ndani hakunyeshi. Sabina akamwambia, "Huyu ana mkwe wake humu." Mama yule, Msafwa anayeijua mila hiyo, hakuuliza tena. Akapanga msururu mara moja, mzee mbele kabisa na mimi wa mwisho kabisa. Lusekelo akanipokea Aroni. Tukaingia na tochi za simu. Ndani ni pakubwa, bibi, na mawe ya chokaa yananing'inia juu kama viwele vya ng'ombe, yanadondosha maji. Harufu ya popo inaingia mpaka kwenye meno.

Kosa letu ni moja. Hakuna aliyewaza kwamba njia ya kuingilia ndiyo ya kutokea. Tulipofika mwisho, mama yule akasema haya tugeuke, na mimi wa mwisho nikawa wa kwanza, tena sina tochi maana simu nimeiacha garini, na msururu mzima na mzee wake sharti upite nilipo. Sabina akapiga kelele, "Mama Aroni, ukutani!" Nikageukia ukuta, mwavuli mgongoni. Wakaanza kunipita mmoja mmoja. Hapo ndipo kinyesi cha popo kikatua kwenye wigi la Sabina.

Ukelele alioupiga hata wewe ungeusikia bila spika. Popo wote wakaamka. Walishuka kama pumba inayopepetwa, na kila kilichokuwa tumboni mwao kikashuka nao. Mama mwongozaji akawakusanya watoto, akatoka nao mbio. Sabina mbio. Mume wangu Lusekelo, aliyeapa mbele ya altare, mbio, lakini alikuwa na Aroni kwapani kwa hiyo nimemsamehe nusu. Taa zote zikaenda nao. Nikabaki gizani na uso ukutani, nikasikia kikohozi.

Mzee ana mguu mbovu, haukimbii, bibi. Tulibaki wawili.

Sikujua nifanye nini. Nikitoka, nimemwacha mzee gizani. Nikibaki, nimesimama na baba mkwe. Na popo hawaachi kumwaga. Basi nikafumba macho, nikanyoosha mkono nyuma na mwavuli nikamfunika yeye, mimi nikabaki nje ya mwavuli. Nilimsikia akisogea chini yake. Kisha akasema, "Mwavuli."

Hakusema na mimi, alisema na mwavuli. "Mwavuli, tangulia polepole. Mbele kuna jiwe, pita kushoto." Nikapita kushoto. "Mwavuli, inama, hapa pananing'inia." Nikainama. Pango lile analijua hata bila macho. Mimi mbele na mkono nyuma, yeye ananielekeza, nami sijibu, natikisa mwavuli kidogo kuonyesha nimesikia. Bibi, nilikuwa nimetapakaa uchafu kichwa kizima, nikashikwa na kicheko hadi mbavu zikauma. Nadhani alisikia, maana naye alicheka kile kicheko chake chembamba.

Kisha akasimama. Akasema, "Mwavuli, nyumbani kwangu kuna mtu anataka kuondoka Krismasi. Nyumba haina dari, nimesikia." Akaendelea, "Wakwe zangu wengine, yule wa Dar na yule wa Tunduma, wananiita Dadi, wananipa mkono huku wanatazama simu. Huyu mmoja, si wa kabila letu, lakini akisikia kikohozi changu anaweka sufuria chini anapisha. Tangu mama yao afe, ni yeye peke yake anayenipisha. Nikimfungua, nitabaki mzee wa nani?"

Bibi, mimi niliyedhani hanitaki!

Hapo nilivunja mila na siombi radhi. Nilifungua mdomo nikasema, "Baba, hata nikifunguliwa, nikisikia kikohozi nitaweka sufuria chini." Tulienda hivyo mpaka mwanga ukaonekana. Nje alimwita Sabina aliyekuwa akifuta wigi, akamwambia, "Jiandaeni. Mkwe nitamfungua."

Wazee wamesema sijaharibu, kwa kuwa nilisema gizani na sikuona uso. Ila kuna sharti moja. Kwa ukoo wao, mkwe haji mwenyewe mbele ya mzee. Analetwa kwa kushikwa mkono na mtu mzima wa kwao aliyemlea. Baba na mama yangu hawapo, wote tunajua. Mtu mzima wangu ni wewe. Njoo, bibi. Siku yoyote utakayochagua kabla ya Krismasi.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Veneranda


Ilula, Iringa
6 Oktoba 2024

Mke mwenzangu,

Kamwene. Tunaendelea. Mvua bado, ardhi ngumu kama kichwa cha Clement.

Nimesoma. Mambo ya popo nimeyacheka. Huyo Ambokile ana maneno.

Kuhusu kuja, ningependa, lakini goti. Na kuku wawili wameatamia. Na nyanya natakiwa nizihamishie shambani. Na jumuiya imenipa ufunguo wa kabati la vyombo. Halafu basi linanitapisha, unalijua hilo. Kwani lazima niwe mimi? Clement anapita huko na lori, ni mtu mzima kwa kiasi chake, akushike mkono. Au wasubiri mwakani.

Chumba chako nimekipaka chokaa upya, kimekuwa cheupe, ukiingia utapenda.

Bibi yako,
Faustina


Ilomba, Mbeya
27 Oktoba 2024

Bibi, shikamoo.

Sisi wazima.

Clement ni mtu mzima kwa kiasi chake, na kwa kiasi hicho ameniambia kwamba mwezi wa tisa ulipanda basi mpaka Makambako kwenye harusi, ukacheza mpaka MC akakuomba ukae. Goti lililocheza Makambako linashindwaje kufika Mbeya?

Mzee anauliza kila siku kama mtu wetu amejibu. Mimi bado nakaa jikoni. Krismasi inakuja na neno langu kwa Lusekelo liko palepale, maana nimechoka, bibi, nimechoka kweli. Kama kuna kitu hutaki, niambie kwa maneno yake. Chumba cheupe hakinijibu.

Veneranda


Ilula, Iringa
17 Novemba 2024

Mjukuu wangu Veneranda,

Kamwene, mama. Mvua ya kwanza imenyesha. Barua yako niliiweka chini ya mto wiki nzima kabla sijashika kalamu.

Umetaka maneno. Haya. Nilitaka ushindwe huko, urudi.

Siyo kwa sababu wamekutesa. Hawajakutesa. Nilipokuwa nakuandikia rudi, rudi, nilijifanya nakuonea huruma, na kumbe najionea huruma mwenyewe. Mume wetu alipofariki tulibaki wawili, mimi na wewe na sketi yako ya shule. Ulipoolewa nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, kisha nikaingia ndani nikaona vikombe viwili kwenye sinia, nikakaa chini nikalia. Nyumba ni kubwa. Namna ya kupika ugali wa mtu mmoja sijaijua mpaka leo. Na hao wazee wa Tukuyu wananiomba nije nikukabidhi kwa mkono wangu! Ndiyo maana goti liliuma.

Lakini pale aliposema atabaki mzee wa nani, pale nimeparudia mara nyingi. Nikasema huyu naye. Tumekuvuta huku na huku, yeye kwa kukunyamazia, mimi kwa kukuita, na wewe umekaa jikoni na mtoto. Haifai. Watu wazima wawili tuone aibu.

Nakuja Ijumaa ya tarehe sita Desemba kwa basi la asubuhi. Kuku nimemwachia Blandina, jirani yangu, na ufunguo wa kabati nimeurudisha. Mkono wako nitaushika mimi mwenyewe mpaka sebuleni na nitauachia mimi mwenyewe. Ila mwambie Ambokile mapema, mimi akikohoa simpishi. Aoge, avae koti, na chakula kisiwe ndizi tupu.

Bibi yako akupendaye,
Faustina


Ilomba, Mbeya
15 Desemba 2024

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Umefika salama? Clement anasema umemwambia ulitapika Igawa tu, kwingine ulikuwa ukiimba. Aroni anakutafuta chini ya kitanda ulicholalia. Mzee naye anauliza yule mama mkali atarudi lini, anasema mabishano yenu kuhusu ndizi na ugali hayajaisha. Mimi na Aroni tunakuja kwako mwezi wa kwanza, tutakaa mpaka utuchoke. Lusekelo amekubali, na mzee amesema ni haki yako.

Nakushukuru kwa mkono wako. Ulivyoniachia kidole kimoja kimoja pale mbele ya mkeka wa mzee, nikajua imekugharimu. Kamba ya mtamba na kitenge alivyonipa mzee nilivipokea kwa mikono miwili, lakini nilikuwa nimefunikwa kanga na macho nimeyateremsha kama mlivyoniagiza, nikaona vidole vya mzee tu. Wewe ukaondoka na basi la alfajiri, kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona.

Asubuhi ile nilimpelekea chai sebuleni. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi, nikaingia. Mzee aliponiona alishtuka, akainuka, akakimbilia chumbani na kufunga mlango. Akakimbia, bibi, na mguu ule ule! Nikabaki na sinia mkononi. Nikasema, "Baba, si ulinifungua jana?"

Mzee akajibu kutoka ndani, "Nilisahau."

Akanieleza kupitia mlangoni kwamba miaka yote hii, akisikia sufuria zangu, na yeye alikuwa akiniepuka ili nipite kwa raha. Alikuwa anavizia nimeingia wapi ndipo atoke. Kila mmoja ndani ya nyumba hii alikuwa akimpisha mwenzake.

Akatoka polepole, kofia imefunika uso mpaka puani, akaketi. Nikapiga goti nikaweka chai. "Shikamoo, baba." Akavua kofia. "Marahaba, mwanangu."

Ndipo nikamtazama. Nikaona paji la uso lile, na masikio yaliyochanua, na kidevu chenye kishimo, nikaanza kulia hadi mzee akaogopa, akadhani amekosea mila nyingine. Sikuweza kumweleza, nakueleza wewe. Uso ule nilioukimbia miaka miwili, bibi, ndio ninaoubeba mgongoni kila siku.

Wako,
Veneranda